Asar Tarehe Thelathini na Mbili

SURA YA TISA

Tangu watu wanne waitwe mmoja mmoja chumbani kwa mwenyekiti na kutoka na barua mkononi, Dilsara Saru alikuwa hali chakula kikashuka. Asubuhi hiyo alifungua matangazo ya Redio Kuhiro saa kumi na mbili kasorobo, kama alivyofanya kwa miaka sita. Akawaamkia wasikilizaji wa Tansen na vijiji vyote vya mabondeni. Akasoma kalenda: "Leo ni Asar tarehe thelathini na moja, siku ya Jumapili." Kisha akasoma taarifa mbili za vifo na moja ya nyati wa maziwa aliyepotea. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Magoti ndiyo yaliyokuwa yakigongana chini ya meza, na bahati nzuri magoti hayasikiki hewani.

Kazi ya kusoma kalenda wengi huiona ya kitoto. Lakini miezi ya kwetu, Asar na wenzake, haina adabu. Mwezi uleule mwaka huu una siku hizi, mwaka kesho umejiongezea moja, na mtu akitaka kujua lazima atazame kalenda ya ukutani. Ndiyo maana wazee wa Tansen walikuwa hawanywi chai kabla ya kumsikia Dilsara, na muuza batuk, yale maandazi ya dengu, wa karibu na uwanja wa Sitalpati alipenda kumtania, "Binti, usipoamka wewe, sisi sote tunabaki jana."

Alipotoka studio alimkuta kaka Yam Bahadur amesimama nje kwenye manyunyu bila mwavuli. Kaka Yam alikuwa fundi mitambo. Alikuwa, maana wiki iliyopita naye aliitwa chumbani.

"Soma," alisema, akimnyooshea karatasi.

"Kaka Yam, italowa."

"Iache ilowe. Wewe soma."

Dilsara akasoma. *Kwa sababu zangu binafsi, najiuzulu kazi kwa hiari yangu, wala sitadai chochote.* Chini yake kulikuwa na alama mbili za dole gumba, la kulia na la kushoto, wino wake umefifia kwa miaka. Pembeni, kwa wino wa bluu ambao hata haujazeeka, iliandikwa tarehe: Asar 23.

"Umeona? Nimejiuzulu," kaka Yam alisema. "Mke wangu ananiuliza, mzee, uliamua lini? Nikamwambia hata mimi nilikuwa nasubiri kuambiwa." Alicheka, halafu kicheko kikamkwama, akajifuta uso kana kwamba ni mvua. "Dole ni langu, sikatai. Siku niliyoajiriwa niliwekewa karatasi tano nitie dole. Nani husoma karatasi ya tano siku aliyopata kazi? Lakini tarehe hii sikuiandika mimi, mdogo wangu. Kuna mtu ameijaza."

Dilsara aliisogeza karatasi karibu na macho. Alikuwa anaitazama ile tatu. Mkia wake ulikuwa mrefu, ukashuka ukajikunja hadi mstari wa pili. Tatu ya namna hiyo katika mji mzima alikuwa anaiandika mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyempenda kuliko roho yake.

Ikamjia siku yake mwenyewe ya kwanza. Karatasi tano mezani, kibweta cha wino, na kijana mwembamba mwenye miwani aliyemwambia kwa haya, "Samahani, dada, sharti nikushike mkono, usije ukachafua." Anup Shakya alikuwa mgeni kama yeye, mtunza mafaili wa siku tatu. Akalishika dole gumba lake, akalizungusha kwenye wino taratibu, akaligandamiza kwenye karatasi. La kulia, la kushoto. Walipofika karatasi ya tano wote wawili walikuwa wameshasahau wanafanya nini. Alikuwa hajamwachia mkono, na yeye Dilsara hakuuvuta. Hapo ndipo mapenzi yao yalipoanzia. Miaka sita baadaye ndipo alipojua kwamba walianzia juu ya barua yake ya kujiuzulu.

"Kaka Yam, nenda nyumbani ukabadilishe nguo," alisema. Kisha akaingia ndani kwa hatua za haraka.

* * *

Chumba cha mafaili kilitenganishwa na cha mwenyekiti kwa ubao mwembamba tu. Anup alikuwa anafunga mafurushi ya karatasi kwa kamba. Alimwona, akatabasamu, halafu tabasamu likamfia mdomoni.

"Tatu ile ni yako," Dilsara alisema.

"Tatu ipi?"

"Usinifanye mtoto, Anup. Tatu ya kwenye barua ya kaka Yam. Miaka sita nasoma barua zako za mapenzi, nisiijue tatu yako?"

Anup akavua miwani. "Sema polepole. Yupo upande wa pili."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Alikuwa ametumaini atakataa. Angekataa angemwamini, hivyo ndivyo alivyompenda. Sasa akaegemea rafu.

"Aliniambia nijaze, nikajaza," Anup alisema kwa sauti ya chini. "Ya kaka Yam na wenzake watatu. Nilijiambia nisipojaza mimi atajaza yeye mwenyewe. Usiku ule sikulala. Tangu siku ile sijalala."

"Basi angejaza yeye! Kwani mkono wake una nini?"

"Dilsara, polepole."

"Polepole nini? Na yangu?"

Anup akakaza kamba ya furushi. Mvua ilikuwa inagonga bati.

"Nakuuliza yangu iko wapi."

"Nimeijaza."

"Lini?"

"Juzi. Zote zilizobaki. Zimeshapewa namba kwenye daftari la barua, yeye ameweka saini ya kukubali, mhuri umegongwa, na nakala zimekwenda ofisi ya kazi ya serikali." Aliyasema hayo mojamoja, kwa uangalifu, kama mtu anayemhesabia mtoto ngazi. "Hakuna anayeweza kuzirudisha tena. Hata yeye."

Dilsara alimtazama kama anamwona leo kwa mara ya kwanza. Huyu ndiye aliyekuwa akimshikia mwavuli hadi mlangoni kwao? Huyu ndiye aliyejifunza nyimbo za Kimagar ili amfurahishe mama yake?

"Unajua kuna nini kwenye sanduku la mama yangu?" alimuuliza. Sauti sasa ilikuwa inatetemeka, ile sauti ambayo haikuwahi kutetemeka hewani. "Fomu ya Kupro. Kaka yangu ameijaza yote, imebaki saini yangu tu. Nikaogeshe wazee wa watu miaka minne. Tulikubaliana, redio ikiniacha, naenda. Mama macho hayaoni tena nyuzi za kitambaa cha dhaka, hawezi kufuma. Anup, ulikuwa unajua! Ulijua kazi hii ikianguka, mimi na wewe ndiyo basi."

"Huendi Kupro."

"Nani kasema? Wewe? Wewe uliyenifukuza kwa mkono wako?"

"Huendi."

"Au ni mama yako? Amepata njia yake?" Alikuwa anajua anakosea, lakini hasira ilikuwa imeshapanda. "Siku ile alisema mbele yangu kwamba mke wa Shakya hawezi kuwa mtu wa kutangaza maiti za watu kila alfajiri. Mwambie basi nimenyamaza. Mwambie mwanawe amenisaidia kunyamaza."

"Mama hahusiki," Anup alisema. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu mezani, chini ya mafaili. Akatoa kifurushi cha karatasi ya gazeti, akakifungua. Bangili za kioo, za kijani, dazeni nzima, kama wanazovaa wake na wachumba wa watu mwezi wa Saun. "Nilikununulia za Saun. Uzivae kesho."

Dilsara alidhani hakusikia vizuri.

"Kesho? Kesho sina kazi, wewe unaniletea bangili? Tena unajua studio haziruhusiwi, zinagongana!"

"Vaa kesho," alirudia. "Na kesho asubuhi soma kalenda. Isome vilevile unavyoisoma siku zote."

"Unanicheka?"

"Sijawahi kukucheka tangu nikufahamu."

Akamtazama. Anup hakuwa mtu wa maneno mengi, yeye alizungumza kwa macho, na siku nyingine Dilsara alikuwa anayasoma kama barua. Leo macho yale yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, yanamwomba kitu, yanakwenda kwenye ule ubao mwembamba na kurudi kwake, yanakwenda na kurudi. Angeyasoma angejua. Lakini hofu na hasira zikipanda pamoja, mtu haoni hata kilicho mbele ya pua yake. Akakisukuma kile kifurushi kwa nguvu. Kikaanguka. Bangili mbili zikapasuka sakafuni.

Wote wawili wakavitazama vipande. Kuvunjika kwa bangili si jambo la mchezo, hata kwa wanaojifanya hawaamini.

"Dilsara!" Sauti ikaita kutoka upande wa pili, laini kabisa. "Mdogo wangu, hebu njoo mara moja."

Dilsara akageukia mlango. Anup aliinama akaanza kuokota vipande vya kioo kimojakimoja, hakuinua uso.

* * *

Mwenyekiti Tikaram Bhusal hakuwa mtu wa kufoka. Afadhali angekuwa wa kufoka. Alikaa Doha miaka kumi na saba, akarudi na magari mawili na tabasamu moja, akainunua Redio Kuhiro iliyokuwa hoi. Sasa alikaa Butwal kule chini, akipanda Tansen mara mbili kwa wiki. Alimwagizia Dilsara chai ya maziwa, akamvutia kiti mwenyewe. Mezani palikuwa na simu yake, bunda la barua zilizofunikwa kwa jalada, na kibweta cha wino.

"Kunywa chai. Mbona unatetemeka?"

"Ni baridi tu, Mwenyekiti."

"Katika joto la Asar hii? Haya." Alicheka. "Sikiliza, mdogo wangu. Watu wanasema huko nje kwamba nafukuza. Mimi sijamfukuza mtu. Watu wamejiuzulu. Na wewe ulishajiuzulu zamani, siku uliyoingia, ila hukuweka tarehe. Hayo ndiyo mambo ya mwenye redio wa kwanza, mimi nimeyakuta tu. Muziki sasa utakuja umeshapangwa kutoka Butwal, habari vilevile. Hapa pataendeshwa na watu watatu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Lakini wewe nakuonea huruma. Sauti yako watu wanaipenda, hata mke wangu anaipenda." Akafungua droo, akatoa karatasi zilizobanwa pamoja. "Kwa hiyo nakuajiri upya. Mkataba wa miezi mitatu mitatu. Tukipendana tunaongeza. Ukitia dole leo, Saun na Bhadau na Asoj uko na kazi. Usipotia, sitakulaumu, wapo wasichana kumi na wanne walioomba."

Miezi mitatu. Dilsara aliona fomu ya Kupro sandukuni. Aliona macho ya mama yake yaliyojaa ukungu. Akaona uwanja wa ndege ambao hakuwahi kuuona. Miezi mitatu ni miezi mitatu, si haba. Na Anup alikuwa amemsaliti, sasa anamngojea nani? Mwenyekiti akafungua kibweta cha wino, akakisogeza.

Akahesabu karatasi kwa macho. Moja, mbili, tatu, nne. Tano.

Alijua kilichoandikwa kwenye ya tano bila kuisoma. Hata hivyo mkono wake ulikwenda, maana hofu haisubiri akili. Dole gumba la kulia likaingia kwenye wino baridi, likatoka jeusi.

"Ngoja kwanza," Mwenyekiti alisema. "Tuanze na hii ya zamani, uandike tu kwamba umepokea nakala yako, tuufunge ule mkataba wa kwanza. Mambo yawe safi." Akafunua jalada.

Barua ya juu kabisa haikuwa yake.

"Si hiyo, hiyo ni ya rafiki yako wa mafaili," Mwenyekiti alisema kwa furaha. "Huyo ndiye muungwana. Hata sikumwomba. Kaniletea bunda zima siku moja, yake mwenyewe ikiwa ya kwanza juu. Akasema, Mwenyekiti, mimi naacha mwenyewe, weka saini tu. Nilivyoiona hiyo, nyingine zote nikazisaini bila hata kusoma. Leo mchana ananikabidhi funguo."

Dilsara akaitazama barua ya Anup. *Kwa hiari yangu.* Tarehe: Asar 31. Leo. Tatu yenye mkia mrefu.

Anup anaacha kazi? Mbona hakusema? Mwenyekiti akaiondoa, akamsogezea ile ya pili. Hii ilikuwa yake. Alama mbili za dole gumba, ndogo, zilizotiwa kwa uangalifu, moja pembeni imevutika kidogo, pale ambapo Anup alisahau kumwachia mkono. Saini ya Mwenyekiti ya kukubali. Mhuri wa zambarau. Namba ya daftari. Na tarehe.

Asar 32.

Aliisoma kwa midomo, bila sauti, kama alivyozoea kujaribu kalenda kabla ya kuwasha kipaza sauti. *Leo ni Asar tarehe thelathini na mbili...* Ulimi ukakataa. Mwaka jana ulikubali, mwaka jana aliisema hewani, anakumbuka. Lakini mwaka huu Asar ina siku thelathini na moja. Leo ndiyo ya mwisho. Kesho ni Saun mosi. Siku ile iliyoandikwa pale haikuwapo, haitakuwapo, hakuna jua litakaloichomozea.

Akausoma tena mhuri, kisha namba ya daftari.

Alikuwa amejiuzulu kuanzia siku ambayo haipo. Na barua iliyokwaruzwa tarehe haipokelewi na ofisi yoyote, kila mtu anajua. Karatasi yenye dole lake ilikuwa hiyo moja tu, na nakala yake iko ofisi ya kazi na saini ya Mwenyekiti mwenyewe. Kesho mwaka mpya wa fedha wa serikali unafunguka, na yeye bado ni mwajiriwa. Mwenyekiti akitaka kumwondoa, itabidi amwondoe hadharani, kwa notisi, kwa sheria, na haki zake zote. *Zote zilizobaki*, Anup alisema. *Hakuna anayeweza kuzirudisha. Hata yeye.* Alikuwa anamwambia! Alikuwa anamwambia pale pale, na yeye anamtupia bangili.

Ila kama angetia dole kwenye hizi tano mpya, yote yangekuwa kazi bure.

"Kuna nini?" Mwenyekiti aliuliza. "Unataka kusema kitu?"

Hajawahi kuogopa hivyo maishani. Sauti yake haikujua uongo, mji mzima uliijua, akiumwa mafua watu wanamletea tangawizi. Angefungua mdomo sasa, ingemchoma.

"Hii tarehe..." Ilimtoka yenyewe. Akatamani kujing'ata ulimi.

"Ina nini?" Mwenyekiti akaigeuza karatasi upande wake. Akaitazama. Dilsara alihesabu matone yaliyodondoka kutoka kwenye paa, manne, matano. "Mimi hizi tarehe za kwenu zilishanitoka kichwani, mdogo wangu. Huko Doha tulihesabu kwa Julai, hata hapa nahesabu kwa Julai." Akagonga simu yake kwa ukucha. "Nilimwambia Anup aweke siku ya mwisho ya Asar. Hii siyo?"

"Mwaka jana ilikuwa hiyohiyo," Dilsara alisema. Huo haukuwa uongo.

"Basi." Akairudisha. "Kesho ndiyo siku yako ya mwisho kwa mkataba wa zamani. Andika umepokea."

Akaandika *nimepokea nakala*, kwa mkono ambao alihisi si wake. Kisha akasimama kabla hajaambiwa.

"Na mkataba mpya?"

"Naomba nimuulize mama kwanza. Ni mtu mzima, atasikitika nisipomwambia."

"Dole lako limeshaingia wino."

"Litakauka, Mwenyekiti."

Mwenyekiti alimtazama. Tabasamu lilikuwa palepale, lakini macho hayakuwamo ndani yake. "Vizuri. Nina wino mwingine. Kesho asubuhi fungua matangazo, uwaage watu wako vizuri, nitakuwa nasikiliza kwenye simu. Saa tatu nakuja, utanipa jibu."

Akatoka akiwa ameukunja mkono wa kulia ili wino usiguse nguo. Chumba cha mafaili kilikuwa kitupu. Mafurushi yamepangwa, funguo ziko mezani, sakafu imefagiwa. Alipiga simu ya Anup mara sita. Ilikuwa imezimwa.

* * *

Nyumbani hakumwambia mama. Alisugua dole kwa majivu, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa, wino ukabaki kwenye mistari ya ngozi. Mama yake, ambaye haoni vizuri, aliushika mkono ule akauliza, "Umeungua?" Dilsara akasema hapana, halafu akaweka kichwa kwenye paja lake akalia kama mtoto, na mama akadhani ni kwa sababu ya Kupro.

Alfajiri ukungu ulikuwa umelijaza bonde zima kiasi kwamba Tansen ilionekana inaelea. Alifungua studio. Mitambo ikawaka taa moja moja, kama kaka Yam alivyomfundisha. Akageuka ukutani ili kuitazama kalenda.

Kwenye msumari wa kalenda palining'inia kifurushi cha gazeti. Ndani bangili kumi, na kikaratasi: *Mbili zimevunjika, si kosa lako. Sikuweza kukuambia, sauti yako haijui kuficha, na ubao ule ni mwembamba. Yangu ilibidi iwe ya kweli, ndiyo asizisome nyingine. Kaka Yam nitamlipa vipi, sijui. Nimezima simu nisije nikakupigia.*

Dilsara alikaa chini kwa kishindo. Mjinga huyu! Mjinga wa Mungu huyu, ameiuza kazi yake ili aniache mimi kwenye kiti! Na mama yake je, atamwambia nini? Alitaka kucheka, alitaka kumkimbilia mpaka kwao bila viatu. Saa ya ukutani ikaonyesha kumi na mbili kasoro dakika kumi na sita. Akazivaa bangili zote kumi kwenye mkono wa kulia, mkono wenye wino.

Akawasha kipaza sauti.

"Namaste, wapenzi wasikilizaji. Hii ni Redio Kuhiro, kutoka Tansen." Simu yake ilikuwa mezani, uso juu. Alijua huko Butwal mtu ameketi na chai yake anasubiri kwaheri. Anaweza kuja na watu. Anaweza kubadili kufuli. Anaweza kufanya mengi mtu mwenye magari mawili na tabasamu moja. Akasoma vilevile alivyosoma siku zote. "Jana, Asar ilimalizika kwa tarehe thelathini na moja. Leo ni Saun mosi, siku ya Jumatatu."

Akageuza ukurasa. Bangili zikagongana. Zilikwenda hewani, zikasikika Sitalpati, zikasikika kwenye vibanda vya chai na vijiji vya chini ya ukungu, kwa mara ya kwanza katika historia ya redio ile.

Simu ikaanza kutetemeka. *Mwenyekiti.* Ikatembea mezani, ikanyamaza. Ikatetemeka tena. *Mwenyekiti.* Dilsara akaendelea kusoma, machozi yanamtoka, sauti haina hata doa. Akataja hali ya mwezi angani. Akawakumbusha watu kwamba jioni ni ya kurusha vijinga vya moto kufukuza upele wa msimu wa mvua, kama ilivyo desturi ya Saun mosi. *Mwenyekiti.* Mara ya nne. Mara ya tano.

Halafu simu ikatikisika kwa namna nyingine, fupi, ya ujumbe. Haukutoka kwa Mwenyekiti. Mtu alikuwa amewasha simu yake.

*Mama yuko hapa anasikiliza. Anauliza ni nini hicho kinachogongana redioni. Nimwambie nini?*

Nje, kwenye mteremko wa barabara ya Butwal, gari lilikuwa linapanda kwa gia nzito. Huenda lilikuwa lori tu la mboga. Dilsara akausogeza mkono wa kulia karibu na kipaza sauti, karibu kabisa, akautikisa tena.